Pete ya Shaba Kwenye Bembea

Inspekta alivua viatu mlangoni mwa chumba cha marehemu. Binti wa marehemu akadhani mgeni anauheshimu msiba, akamshukuru kwa sauti ya chini, na Inspekta hakuona haja ya kumsahihisha. Alitaka kuisikia sakafu kwa nyayo.

"Teremka uani," alimwambia. "Utwange kama ulivyotwanga siku ile."

"Nitwange nini, afande?"

"Chochote ulicho nacho. Hata mahindi makavu."

Binti alishuka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, aliyeacha kazi ya kushona sare za shule miaka mitatu nyuma ili amwuguze baba yake. Mzee hakuwa amebakiwa na jino hata moja, na umeme wa mtaa ule ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo chakula chake kilitwangwa kila asubuhi kwenye kinu kilichokaa uani, juu ya zege lile lile lililobeba nguzo za ghorofa. Hayo yalikuwa maneno yake Binti. Wa kuyathibitisha hakuwepo. Upande mmoja wa nyumba palikuwa na ghala la saruji, na upande wa pili majirani walikuwa wamehama.

Inspekta alisimama katikati ya chumba, dirisha likiwa limefungwa. Mchi ulisikika kwa mbali sana, kiasi kwamba mtu mwenye mawazo yake asingeugundua. Sakafu ya mbao, lakini, ilikuwa na habari nyingine. Kila pigo lilimpanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye magoti. Glasi ya maji aliyoiweka juu ya stuli kando ya kitanda ilichora duara dogo, ikatulia, ikachora tena. Aliandika saa kwenye daftari, kisha akapiga magoti na kuanza kuikagua sakafu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee alifariki wiki tatu zilizopita. Hata udongo wa kaburi haujakauka, mtoto wa mdogo wake akajitokeza na rekodi. Mtaani walimwita Msomi, kwa sababu aliwahi kusoma sheria mwaka mmoja na tangu hapo huagiza hata sigara kama anayehutubia majaji. Ndani ya rekodi Mzee alisikika akisema: *Nyumba hii nampa mtoto wa mdogo wangu. Binti yangu hayupo. Ameniacha.* Msomi aliapa kwamba imerekodiwa humu chumbani, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi uliopita, saa nne asubuhi, na kwamba wakati huo Binti alikuwa amemtelekeza baba yake kwa muda wa wiki mbili. Binti akaenda kituoni kushtaki. Alisema rekodi ni ya kughushi, na kwamba Jumamosi hiyo saa nne alikuwa uani anatwanga kama siku zote.

Kesho, Ijumaa, hakimu angeisikiliza. Akiikubali, Binti angepewa siku saba za kufunga virago.

Kati ya kitanda na dirisha, sakafu iliyong'arishwa kwa nta nyekundu ilikuwa na alama tatu. Mbili zilikuwa maduara madogo meusi, ya mpira. Ya tatu ilikuwa mkwaruzo wa chuma. Inspekta alitoa futi ya kushonea aliyoiazima kwa Binti mwenyewe, akapima umbali kati ya alama na alama. Ilikuwa ni pembetatu yenye pande sawa.

Binti alirudi juu akihema, jasho likimtoka shingoni. "Umesikia?"

"Mimi nimesikia. Shida ni kwamba rekodi haikusikia. Nimeicheza mara kumi na moja. Kuna sauti ya baba yako, kuna pumzi zake, basi. Mchi haumo."

"Kwa sababu hawakuirekodia hapa! Nilikwambia toka siku ya kwanza, wameitengeneza huko huko kwao."

"Njoo uone." Inspekta alimwonyesha zile alama. "Hii ni stendi ya miguu mitatu. Mguu mmoja umepoteza soli yake. Stendi ya namna hiyo nimeiona Jumatatu kwa yule fundi wa sauti aliyemrekodia Msomi. Walikuwa humu, mama. Kwa hilo Msomi hakudanganya."

Binti alikaa kitandani taratibu. "Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Umeshasema. Ila umelivalisha nguo."

Inspekta hakukasirika. Watu waliokwisha kutukanwa na ndugu zao huwa hawana akiba ya adabu kwa polisi, na yeye alilijua hilo. "Wangeingiaje usiwaone?"

"Kaka, huyo Msomi, ana ufunguo wa mlango wa mbele. Ngazi zinaanzia hapo hapo mlangoni. Mimi niko nyuma. Akija kumsalimu baba huwa haniamkii wala haniagi, najua tu alikuja nikikuta kisahani kina vipande vya sigara."

"Na baba yako hakukuambia kwamba siku ile walikuja wawili?"

"Wiki yake ya mwisho alikuwa haongei sana. Na masikio yalikuwa mazito, afande. La kulia lilikufa kabisa, la kushoto ulitakiwa umwinamie upige kelele. Mimi nilikuwa nasema, angalau namtwangia na simsumbui." Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

Inspekta alivaa viatu akiwa amesimama, akishika mwimo wa mlango. "Fundi alinipa maelezo Jumatatu. Anasema hata kama kungekuwa na mtu anatwanga, maiki isingemsikia, kwa sababu aliifunga kwenye bembea."

"Bembea? Ya watoto?"

"Ndivyo wanavyoiita. Kama ni kweli aliitumia, rekodi haisemi lolote, si kwako wala kwa Msomi. Kama hakuitumia, mchi ulitakiwa uwemo, na kama haumo ni kwamba kuna mkono uliuondoa. Sasa nakwenda kujifunza bembea ni kitu gani."

* * *

Duka la vifaa vya muziki lilikuwa jembamba na refu, na mwenye duka alikaa mwisho kabisa, nyuma ya meza ya kioo, ili mteja apitie bidhaa zote kabla ya kuuliza bei. Kila mtu alimwita Mama Vifaa. Alikuwa na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau, zote kumi, bila kasoro.

"Nataka kujua namna ya kuchagua stendi ya maiki," Inspekta alisema.

"Maiki yako ina uzito gani?"

"Sina maiki."

"Basi huna shida, dada. Nenda kapumzike."

Inspekta aliweka kitambulisho juu ya kioo. Mama Vifaa alivaa miwani, akakisoma, akavua miwani. "Aa. Karibu kiti."

Kiti hakikuwepo. Inspekta alibaki amesimama, akaweka simu mezani. Kwenye kioo chake palikuwa na picha aliyopiga Jumatatu katika chumba cha fundi: maiki nene yenye tumbo pana, stendi ya miguu mitatu, na pete kubwa iliyosukwa kamba za mpira kama utando, ikining'inia kwenye msumari ukutani.

"Maiki hiyo ni nzito," Mama Vifaa alisema papo hapo. "Ukiifunga kwenye stendi nyepesi ya waimba harusi itakuangukia usoni. Kitu cha kwanza ni uzito. Halafu unaniambia unarekodi nini, yuko mbali kiasi gani, amekaa au amelala."

"Mgonjwa. Amelala kitandani."

"Basi utataka stendi yenye mkono wa kunyooka, upite juu ya kitanda, na nyuma ya mkono uweke uzito, la sivyo inapinduka. Sakafu?"

"Mbao. Ghorofani."

Mama Vifaa alitikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa mgonjwa anavuta sigara. "Hapo ndipo watu wanapokwama. Wanadhani maiki inasikia hewa peke yake. Njoo huku."

Alitoa stendi, akaikaza maiki juu yake kwa kibanio kigumu cha plastiki, akaunganisha waya na spika iliyokuwa chini ya meza. Kisha akapiga sakafu kwa kisigino. Spika ikatoa *dum* nzito, kama mtu amegonga mlango wa duka.

"Umeona? Sakafu inaingia kwenye mguu, mguu unapanda kwenye bomba, bomba kwenye kibanio, kibanio kwenye maiki. Sasa tazama." Aliondoa kibanio, akafunga pete yenye kamba za mpira, na katikati ya kamba hizo akaikalisha maiki. Ilining'inia pale bila kugusa chuma chochote. Alipiga kisigino tena, kwa nguvu zaidi. Spika ilinyamaza. "Hiyo ndiyo bembea. Mitikisiko inaishia kwenye mpira."

"Kwa hiyo mtu mwenye bembea asingeurekodi mchi unaotwanga chini."

"Asingeurekodi. Kwa mbali labda, kupitia hewani."

Inspekta aliandika hilo, ingawa halikumfurahisha. Fundi alikuwa na bembea. Ilikuwa ukutani, inaonekana kwenye picha. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri Msomi.

Mama Vifaa alikuwa ameikuza picha kwa vidole vyake vya zambarau. "Lakini huyu hakuitumia hii."

"Unajuaje?"

"Tazama mdomo wake, hapa chini, panapoingia stendi. Mpana. Bembea hizi zinatengenezwa zikiwa na hesi nene." Aliona Inspekta amekunja uso. "Hesi, dada, hii mikato ya kuzungushia kama kwenye kifuniko cha chupa. Ziko za aina mbili duniani, nene na nyembamba, na waliozigawa hivyo Mungu anawajua. Stendi ya huyu bwana ina kichwa chembamba. Bembea yake ina mdomo mpana. Haziongei."

Alichukua bembea kutoka kwenye rafu na kuitumbukiza juu ya stendi yenye kichwa chembamba. Iliingia bila kuzunguka, ikalala upande kama mlevi aliyeegemea nguzo.

"Watu wanafanyaje, sasa?"

"Wananunua hii." Alivuta droo na kutoa pete ya shaba, ndogo kuliko kifuniko cha soda, yenye mikato nje na mikato ndani. "Unaikaza ndani ya bembea, inapunguza mdomo. Ukishaitia hutoi tena. Baada ya mwaka imeshika kutu ya kijani, mpaka uitoe kwa koleo na matusi. Kwenye picha hii haimo. Unaona weusi mtupu."

"Anaweza kusema alikuwa nayo kwenye droo."

"Anaweza. Mdomo ni mali yake."

Inspekta aliizungusha pete ile kwenye taa. Kwenye ukingo wake wa ndani palikuwa na nukta ndogo ya zambarau. Alitazama kucha za Mama Vifaa, akaitazama tena nukta.

"Hii ni nini?"

Kwa mara ya kwanza mwenye duka alicheka. "Ugomvi wangu na wateja hiyo. Mtu ananunua kitu kidogo, anakitumia miezi mitano, anakirudisha anasema nimekichukua juzi na ni kibovu. Kwa hiyo kila kitu kidogo nakitia tone la rangi ya kucha, na rangi nabadilisha tarehe mosi ya kila mwezi. Nikipaka kucha napaka na droo. Mwezi uliopita ilikuwa nyekundu. Wa kabla yake, ya fedha. Mwezi huu zambarau."

"Pete hizi anauza nani mwingine mjini hapa?"

"Angekuwepo ungemkuta amefilisika. Ni mimi tu."

"Wiki hii umemuuzia nani?"

"Dada yangu, mimi sura sikumbuki. Nakumbuka rangi."

Inspekta aliomba pete mbili, yenye tone jekundu na yenye tone la zambarau, akaandikishiana naye kwamba amezichukua kama vielelezo. Mama Vifaa alitia sahihi huku akinung'unika kwamba polisi nao wakizirudisha watakuwa wamezitumia.

* * *

Fundi wa sauti alifanyia kazi katika chumba kimoja kilichozungushiwa magodoro ukutani. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu, na vipokea sauti vilimkaa shingoni hata alipokwenda kufungua mlango. Inspekta alitazama ukutani kwanza. Msumari ulikuwa mtupu.

"Nipangie kila kitu kama ulivyopanga siku ile kwa Mzee," alisema. "Usinieleze. Fanya tu."

Fundi alifanya. Ukweli ni kwamba ilipendeza kumtazama. Alifungua miguu mitatu ya stendi kwa mkono mmoja, akageuza mguu mmoja uelekee upande ambao mkono wa stendi ungenyookea, akatundika mfuko wa mchanga nyuma. Kisha akachukua bembea kutoka kwenye sanduku na kuizungusha juu ya stendi. Ilikaza vizuri, mizunguko mitano. Akaikalisha maiki katikati ya kamba, akaipapasa kidogo ikacheza, akarudi nyuma hatua moja. Miguu miwili ya stendi ilikuwa na mpira. Wa tatu ulikuwa chuma kitupu.

"Hivyo hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Hivyo hivyo."

"Niliambiwa bembea za aina hii hazikai kwenye stendi za aina hiyo."

Fundi alitabasamu kwa fahari ya mtu aliyeulizwa swali analolipenda. "Kuna pete ya shaba ndani. Bila pete huwezi."

"Unayo tangu lini?"

"Miaka mitano, sita. Nilinunua pamoja na bembea."

"Na imo humo muda wote huo?"

"Nani anatoa pete, afande? Ikishaingia imeingia."

"Nitolee."

Vidole virefu vilisita. Fundi alishusha maiki kwanza, kwa uangalifu kama anamshusha mtoto mgongoni, kisha akaifungua bembea kutoka kwenye stendi na kumpa Inspekta nzima. Inspekta aliingiza vidole viwili ndani ya mdomo wake na kuzungusha. Pete ilitoka bila koleo na bila matusi. Ilikuwa inang'aa. Aliiweka juu ya meza, nukta ya zambarau ikitazama juu, na kando yake akaweka zile pete mbili kutoka mfukoni.

Alimweleza kuhusu rangi za kucha. Alieleza polepole, bila kutia chumvi, na alipofika kwenye tarehe mosi ya mwezi fundi alikuwa ameshakaa.

"Jumatatu asubuhi niliondoka hapa ukiwa umeniambia kuhusu bembea," Inspekta alimalizia. "Picha niliyopiga inaonyesha haina pete. Ulikwenda dukani nilipogeuza kisogo tu, au ulisubiri Jumanne?"

"Jumatatu mchana," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka kubeba kitu. "Pete yangu ya zamani ilipotea mwaka jana. Nilikuwa nasema nitanunua, nitanunua."

"Kwa hiyo siku ile ulitumia nini?"

"Kibanio kigumu. Msomi alisema ni dakika mbili tu, mzee atasema maneno machache. Nikaona ya nini kujisumbua. Sikuijua sakafu ile. Ningeijua ningebeba hata matandiko ya kuweka chini ya miguu." Alionekana kuumia zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote. "Nilipofika hapa nikavaa hivi masikioni, nikasikia dum, dum, dum. Mwanzo mpaka mwisho. Kazi imeharibika."

"Ukafanya nini?"

"Nikakata sauti zote za chini. Ukikata chini, mchi unaondoka, sauti ya mzee inabaki juu."

"Na maneno? Nayo uliyakata?"

Fundi alitazama magodoro. "Msomi alikaa hapo hapo ulipokaa. Yeye ndiye aliyekuwa anaonyesha cha kuacha na cha kutoa."

"Alikupa nini?"

"Chumba cha chini, cha mbele, kile kinachotazama barabara. Hapa mwenye nyumba anataka kuweka saluni, ananitoa mwisho wa mwezi. Msomi alisema nyumba ikiwa yake, chumba ni changu."

"Ulijua kuna mtu angetolewa kwenye nyumba hiyo."

"Nilijua." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Aibu ninayo, afande. Huna haja ya kunisaidia kuiona."

Inspekta alifunga daftari. "Rekodi ya asili iko wapi?"

"Msomi aliniambia nifute."

"Sikuuliza alichosema Msomi."

Fundi alivuta droo, akatoa kisanduku cheusi cha kuhifadhia rekodi, kimefungwa ndani ya kitambaa cha flaneli. "Fundi hafuti asili," alisema. "Nimefanya mambo ya kijinga, lakini asili sijawahi kufuta hata ya mtu aliyekuwa anapiga chafya."

* * *

Saa tisa alasiri walikuwa wanne katika ofisi ya Inspekta. Msomi alikuja na faili chini ya kwapa, akasalimia chumba kizima kwa pamoja kama ukumbi. Binti alikaa pembeni, mikono mapajani. Hakumtazama. Fundi alikuwa amekuja na spika yake mwenyewe, kubwa kama sanduku la nguo. Alikataa katakata kutumia ile ya kompyuta ya ofisi. "Hiyo haiwezi kuutoa mchi," alisema. "Mtasikia upepo tu."

"Kabla hatujaanza, napinga," Msomi alisema.

"Unapinga nini?"

"Utaratibu."

"Pingamizi limepokelewa. Kaa." Inspekta aliinua kidole, na fundi akabonyeza.

Mchi ulitangulia. *Dum. Dum. Dum.* Meza ya ofisi ilitetemeka kidogo na kalamu ikabingirika hadi ukingoni. Binti aliinua kichwa. Kisha ikaja sauti ya Msomi, inapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara: "Baba Mkubwa! Sema ile ya nyumba! Kama tulivyoongea!"

Sauti ya Mzee ilikuwa ya kukwaruza lakini haikuwa na haraka.

"Unataka niseme nyumba hii nampa mtoto wa mdogo wangu. Nimekusikia mara ya kwanza. Binti yangu hayupo humu chumbani, ndiyo maana ukachagua saa hii, ukaja na mtu wako na mabomba yake. Binti yangu ameniacha nipumzike. Yuko uani."

*Dum. Dum.*

"Hayupo uani, Baba Mkubwa! Amesafiri! Huwezi kumsikia, masikio yako hayafanyi kazi!"

Ndani ya spika Mzee alicheka. Kicheko kilimgeukia kikohozi, wakasubiri kimpite. Msomi wa ofisini alikuwa amefungua faili lake na kuanza kusoma karatasi ya kwanza, ambayo Inspekta aliona kwamba ilikuwa imegeuzwa juu chini.

"Masikio ni mabovu," Mzee alisema. "Kitanda si kibovu. Weka mkono hapa kwenye ubao. Weka, haikuumi. Umemsikia? Kila asubuhi hivyo. Anaanza mbio mbio, halafu mkono unamuuma, anapumzika. Mimi nangoja. Akianza tena, najua yupo."

*Dum. Dum. Dum.* Kisha mchi ukasimama.

Pumzi za Mzee zilisikika, ndefu, moja, ya pili, ya tatu. Inspekta alihesabu kwa mazoea ya kazi, akafika kumi na moja. *Dum*, mchi ukaanza upya, polepole zaidi.

"Haya," Mzee alisema. "Amebadili mkono. Sasa niulize tena nyumba ni ya nani."

Fundi alibonyeza, ikanyamaza. Inspekta aliandika saa, akamwambia askari wa mlangoni asimruhusu Msomi kutoka, na Msomi akasema anapinga, lakini alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa. Nakala ya ile rekodi ingekuwa mezani kwa hakimu kesho kabla ya saa nne. Inspekta alimgeukia Binti kumweleza hivyo, na kwamba virago vyake vibaki vilipo.

Binti hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya meza, mahali pale kalamu ilipokuwa, kama anayengoja mbao ziseme kitu.

"Miaka mitatu," alisema, "nilidhani natwanga peke yangu."